Mlango Usiouliza Fedha

Ifikirie, ewe msomaji, nyumba ya mfanyakazi wa kiwanda katika Uingereza, mwaka wa 1913. Baba akiugua, daktari huja, maana sheria ya mwaka wa 1911 ilimkatia bima mfanyakazi wa mshahara mdogo. Mama akiugua katika chumba kile kile, sheria haimjui, wala haiwajui watoto. Ada ya daktari itatoka katika fedha za mkate. Naye mama, kama ilivyo desturi ya mama wengi, huchagua kunyamaza.

Wachimba makaa ya mawe wa Tredegar, mji mdogo wa kusini mwa Wales, hawakuingoja sheria. Walikuwa na chama chao, na kila mmoja alikatwa peni chache katika kila paundi ya mshahara wake. Aliyepata zaidi alitoa zaidi, na daktari aliwatibu mke na mtoto kama alivyomtibu mchimbaji. Katika mji huo alizaliwa Aneurin Bevan mwaka wa 1897. Aliingia mgodini angali kijana mdogo, na baba yake alikufa kwa vumbi la makaa lililomjaa mapafuni.

Mwaka wa 1945 Bevan akawa Waziri wa Afya. Alitaka taifa zima lipate ilichopata Tredegar, gharama zitoke hasa katika kodi. Mapema mwaka wa 1948 madaktari walipiga kura, wakaukataa mpango wake kwa wingi mkubwa, wakihofia kugeuzwa watumishi wa serikali. Hofu hiyo haikuwa ya kuchekwa. Walakini naona Bevan aliituliza kwa bei ghali, maana aliwaachia mabingwa ruhusa ya kuwatibu wenye fedha faraghani, ndani ya hospitali zile zile za umma.

Tarehe 5 Julai 1948 mlango ulifunguliwa, na yaliyofichwa yakadhihirika. Walikuja wanawake wenye maradhi ya kizazi waliyoyavumilia miaka na miaka. Walikuja wazee waliozoea kununua miwani dukani kwa kubahatisha. Katika mwaka wa kwanza zilitolewa miwani zaidi ya milioni 5. Wako waliosema kwamba watu hupenda vya bure. Lakini jiulize, msomaji: ni nani avaaye miwani asiyoihitaji?

Hazina ikalalamika. Mwaka wa 1951 serikali ya chama chake mwenyewe iliamua kutoza nusu ya bei ya miwani na meno ya bandia, Bevan akajiuzulu. Mwaka uliofuata ikaja ada ya shilingi moja kwa cheti cha dawa. Wales iliiondoa ada ya dawa mwaka wa 2007. Ng'ambo ya mpaka, katika England, mtu mzima asiyesamehewa na sheria angali akiilipa.