Karakana Iliyoitangulia Roboti

Kijana wa leo atakaye kusomea roboti aghalabu huvutwa na ule mkono wa chuma aliouona katika picha za viwanda vya magari, ukichomelea na kunyanyua pasina kuchoka, naye hudhani kwamba elimu yake yote ni ya kompyuta; ilhali historia ya mafunzo haya, kila ichunguzwapo, humrejesha mtu karakanani, kwa fundi wa umeme na fundi wa mashine.

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliyotokana na ubunifu wa George Devol na juhudi za Joseph Engelberger, iliwekwa kazini mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani, ili inyanyue vipande vya madini vilivyotoka kalibuni vikiwa vingali moto. Walakini jambo lililogeuza mafunzo ya mafundi kuliko hilo lilikuja baadaye kidogo. Mitambo ya zama hizo iliongozwa na makabati makubwa yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme, zikiwa zimeunganishwa kwa waya chungu nzima. Na kila ilipotoka namna mpya ya gari, mafundi hawakuwa na budi kuzifungua waya hizo na kuzifunga upya. Mwaka 1968 General Motors ilitaka ipatikane njia ya kuiondoa taabu hiyo, na Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakaunda kile ambacho mafundi hata leo hukiita PLC, kompyuta ya kiwandani isiyodhurika upesi kwa vumbi wala joto. Na busara kubwa kupita zote, kwa rai yangu, ilikuwa katika lugha ya kukiamrisha chombo hicho, kwani ilichorwa mfano wa ngazi, kwa alama zile zile za rilei ambazo mafundi wa umeme walikuwa wamekwisha kuzizoea katika michoro yao, hata yule aliyeumaliza ujana wake mbele ya kabati la waya akaweza kuendelea na kazi bila ya kurudishwa kwenye alifu.

Jina la mekatroniki, elimu iunganishayo mashine na elektroniki, lilizuka Japani mwaka 1969 katika kampuni ya Yaskawa. Na Ujerumani, nchi iuenziyo uanagenzi, iliitambua rasmi mwaka 1998 kuwa kazi ambayo kijana hufundishwa, siku nyingine darasani na siku nyingine kiwandani.

Huku kwetu misingi iliwekwa na watu ambao hawakuifikiria roboti hata kidogo. Mombasa, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa auni ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa ya Mabohora, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Na huko Nyeri, mwaka 1972, wananchi walichanga kwa harambee wakaanzisha taasisi ya ufundi iliyopewa jina la Dedan Kimathi, shujaa wa Mau Mau aliyenyongwa mwaka 1957. Taasisi hiyo ilikuja kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012, na humo sasa hufundishwa shahada ya mekatroniki, na kadhalika hutolewa hati ya kampuni ya Siemens ya Ujerumani iliyo na daraja tatu. Naomba msomaji aitazame daraja ya kwanza ya hati hiyo: vifaa vya umeme, vipuri vya mashine na mota, nguvu ya hewa na ya mafuta, kisha PLC. Roboti haimo.

Katika karakana za mafunzo haya huwapo mtambo mdogo wenye bomba lililosimama, ndani yake vipande vya duara, vyekundu, vyeusi na vya rangi ya fedha, ambavyo silinda ya hewa huvisukuma kimoja kimoja mbele ya sensa. Sensa moja huitikia madini tu. Ya pili hutumia mwanga, nayo huviona vyekundu na vya fedha, lakini cheusi hakiioneshi kitu kwa kuwa hakiurudishi mwanga. Ya tatu huitikia chochote kilicho mbele yake. Mwanafunzi sharti afahamu kwamba ya tatu ikisema kipo na ya mwanga ikinyamaza, basi hicho ni cheusi. Tena yamkini programu yake ikawa sahihi kabisa na silinda isitoke, kwa sababu mpira wa hewa haukuingizwa mpaka mwisho. Na hilo hulitambua yule ambaye sikio lake limezoea mlio wa hewa inayovuja.

Basi mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi chuoni, kabla hajalipa karo, na aombe kuoneshwa karakana: aulize ina PLC ngapi, kompresa yake inafanya kazi au imekufa, na mwanafunzi hupewa saa ngapi kwa juma kuvishika vifaa hivyo yeye mwenyewe. Nao wakuu wa vyuo wanaotangaza kozi mpya za roboti, tunawasihi wanunue vifaa na kuajiri mafundi wa karakana kwanza, kisha ndipo wachapishe matangazo.