Trela za kale za Marekani: historia iliyo ndani ya mbao na ribiti

Katika barabara kuu za Marekani huonekana mara kwa mara gari likikokota nyumba ndogo ya alumini, inayong'aa mithili ya sufuria mpya. Ganda la nyumba hiyo hudumu miaka mingi, na likififia hung'arishwa. Kinachotangulia kufa ni cha ndani: sakafu, makabati, vitanda na jiko. Kwa hiyo kila anayenunua trela ya kale ili kuikarabati hukabiliwa na swali moja kabla hajashika nyundo: kipi king'olewe, na kipi kibakie? Makala yetu ya leo inaangalia kwa nini swali hilo si la seremala peke yake.

Tuanzie mwaka 1936. Marekani ilikuwa bado katika Mdororo Mkuu wa uchumi pale Wally Byam alipoanza kuuza trela iliyoitwa Airstream Clipper kwa dola 1,200, fedha nyingi kwa wakati huo. Umbo lake lilifuata kazi ya Hawley Bowlus, mtengenezaji wa ndege zisizo na injini, aliyekuwa ameunda trela yake mwaka 1934. Mabati ya alumini yaliunganishwa kwa ribiti, kama kiwiliwili cha ndege. Hata hivyo, thamani ya Clipper ilikuwa ndani yake: nafasi ya kulala watu wanne, maji, taa za umeme, na meza ya chakula iliyogeuzwa kitanda usiku.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadili mambo. Alumini ilitengwa kwa ajili ya ndege za kivita, Byam akafunga kiwanda chake na kwenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege. Wakati huohuo serikali ya Marekani ilinunua maelfu ya trela za makampuni mengine ili kuwapa makazi wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Chombo kilichobuniwa kwa mapumziko kikawa nyumba ya familia.

Baada ya vita Byam alirudi kwenye kazi yake, na mwaka 1957 kampuni ikatoa trela ya International, iliyobeba maji, gesi na umeme wake yenyewe. Uwezo huo ulipimwa barani Afrika. Mwaka 1959 msafara wa trela 41 uliondoka Cape Town kuelekea Cairo. Ulipita Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan, katika barabara za vumbi na matope, hadi ukafika Misri mwaka 1960. Afrika ilikuwa ikikaribia uhuru, na wageni hao waliiona kupitia madirisha ya nyumba walizokuja nazo, wakipika kwenye majiko yao na kulala katika vitanda vyao.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1969. Wanaanga wa Apollo 11 waliporejea kutoka mwezini, walifungiwa ndani ya trela ya Airstream iliyofanyiwa mabadiliko, kwa hofu kwamba huenda wamekuja na vijidudu. Shinikizo la hewa ndani lilishushwa kuliko la nje, ili hewa iweze kuingia lakini isivuje kutoka. Trela nne za namna hiyo zilitengenezwa. Iliyotumiwa na Apollo 12 ilisahaulika kwa miaka mingi, na mwaka 2007 ikagunduliwa katika kituo cha kufugia samaki huko Marion, jimbo la Alabama. Leo imehifadhiwa katika jumba la maonyesho mjini Huntsville. Laiti mtu angeikuta na kuikomba yote ya ndani, tungebaki na ganda la bati lisilosema lolote.

Turejee sasa kwa fundi na nyundo yake. Adui mkubwa wa trela ya kale ni maji. Hupenya kwenye ribiti na kingo za madirisha, hushuka polepole kati ya kuta mbili, na kuozesha sakafu ya plaiwudi bila ya mwenyewe kujua. Panya nao hujenga viota ndani ya sufi ya kioo iliyowekwa kuzuia joto na baridi. Kuna na hatari nyingine: vigae vya sakafu na gundi yake huweza kuwa na asbesto, rangi za kabla ya mwaka 1978 huweza kuwa na madini ya risasi, na mabomba ya gesi na nyaya zilizochakaa huua. Hayo hayana heshima ya ukale. Sharti yaondolewe, na asbesto iachiwe wenye ujuzi.

Lakini siku hizi wengi huendelea mbele zaidi. Hung'oa kila kitu, kisha hupaka rangi nyeupe toka sakafuni hadi darini. Hoja yao inaeleweka: trela ni ya kuishi, si ya kutazama. Hata hivyo, kabati la mbao lililoiva kwa vanishi ya miaka 60, au kitasa kilicholika kwa vidole, ni ushahidi wa namna watu walivyoishi, na ushahidi huo haununuliwi dukani.

Njia ya kati ipo. Piga picha kabla ya kubomoa. Pima kila kitu. Tumia ubao uliooza kama kipimo cha kukatia mpya. Badilisha kilichofichika, yaani mabomba, nyaya na sakafu, na ukitengeneze kinachoonekana badala ya kukitupa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Trela hizi hazikuwa na kwao. Zilikuwa daima njiani. Kumbukumbu ya waliosafiri nazo imo ndani mwake, na ikishatupwa jalalani haina pengine pa kutafutwa.