Rika, Kigoda na Bweni: Makundi ya Wasichana katika Historia ya Ufipa

Katika filamu za kuchekesha zinazosimulia maisha ya shule za sekondari, hasa zile za Marekani, meza ya chakula haikosekani. Mahali anapoketi msichana ndipo panapomwonyesha mtazamaji cheo chake miongoni mwa wenzake. Filamu ya Mean Girls, iliyotoka mwaka 2004 kwa mchezo ulioandikwa na Tina Fey, imeupa mtindo huo sura inayowahusu watu wa Afrika. Msichana wake mkuu amelelewa barani Afrika na wazazi walio wataalamu wa wanyama; akiingia shule ya Marekani kwa mara ya kwanza, huwaona wenzake kama wanyama wa mbugani wanaogombania maji. Mzaha huo unachekesha, lakini ndani yake mna dai: ya kuwa makundi ya wasichana, pamoja na ukubwa na ubaguzi wake, ni jambo la maumbile, na ya kuwa Afrika ndipo maumbile hayo yanapoonekana yakiwa uchi. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa historia ya nchi moja ya Afrika, nayo ni Ufipa.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno. Kiswahili kina rika na hirimu kwa watu waliolingana umri. Kina somo, mwandani na msiri kwa mtu wa kuaminiwa. Na kina shoga, neno ambalo wanawake waliitana kwalo tangu zamani, na ambalo wasichana wa leo wamelifanyia umbo jipya la shosti. Rika mtu huzaliwa nalo, wala haombi kuingizwa. Shoga huchaguliwa, lakini ni mtu mmoja kwa mmoja. Neno la kundi dogo la marafiki linalojulikana kwa wale linaowafungia mlango halimo katika orodha hiyo. Genge hukaribia, lakini lina harufu ya uhalifu. Vivyo hivyo umaarufu, kwa asili yake, ni sifa ya mtu aliyejulikana kwa tendo au elimu, si ya msichana anayependwa na kuogopwa darasani. Pengo la namna hii si ushahidi kamili, kwa maana watu huweza kuwa na jambo wasilolipa jina. Lakini latosha kumfanya mchunguzi asiharakishe kusema ya kuwa jambo hilo ni la watu wote na la zama zote.

Uwanda wa juu wa Ufipa, wenye nyasi nyingi na miti michache, umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kathleen Smythe, katika kitabu chake juu ya jamaa za Kifipa kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha ya kuwa mtoto wa Kifipa hakulelewa na wazazi wake peke yao. Baada ya kuachishwa ziwa aghalabu alihamia kwa babu na bibi, na alipokua zaidi alilala pamoja na wenzake wa rika lake katika nyumba yao. Desturi iliyofanana na hiyo ilikuwako kwa majirani Wanyakyusa, ambao Monica Wilson aliandika habari zao mwaka 1951: huko wavulana walikwenda mbali zaidi, wakajijengea vijiji vyao wenyewe. Kwa hiyo kuishi na wenzi wa umri mmoja si jambo lililoletwa Ufipa na shule. Lakini nyumba ya vijana ilikuwa katikati ya kijiji, na mchana kila mmoja alirudi katika kazi za shamba na za nyumbani, ambako alikuwa mjukuu wa fulani na dada wa fulani. Heshima yake haikutegemea wale aliolala nao tu.

Isidhaniwe ya kuwa Wafipa hawakujua uwezo wa kundi la wanawake. Masimulizi ya asili ya utawala wao, ambayo Roy Willis aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1981, yanaeleza jinsi wanawake watatu wageni walivyofika Milansi wakati mfalme alipokuwa mawindoni. Mfalme alikuwa amemwonya mkewe asikitoe kigoda cha enzi. Wageni wakakipata, na nchi ikawa yao, Milansi ikibaki na heshima yake ya kale. Wanawake watatu na kiti kimoja: ndiyo mali ile ile ambayo filamu za shule huifanyia mzaha. Tofauti ni ya kwamba katika simulizi la Ufipa kiti ni cha nchi nzima, na jambo hilo husemwa bila kicheko.

Mabadiliko makubwa yalianzia ziwani. Mapadri Weupe walikabidhiwa Karema mwaka 1885, na Masista Weupe wakafika huko mwaka 1894. Kwa maoni ya Smythe, misheni ilikubalika Ufipa kwa sehemu kwa sababu watu walikwisha kuzoea kuwakabidhi watoto kwa walezi wengine; mapadri na masista waliingia mahali pa babu na bibi. Hata hivyo bweni halikuwa sawa na nyumba ya vijana. Liliwatenga wasichana na vijiji vyao usiku na mchana, likawaweka pamoja wasiokuwa na undugu, na likawapanga kwa darasa badala ya ukoo. Mambo hayo matatu, yaani kutengwa, ugeni na kupangwa, ndiyo udongo unaootesha makundi ya aina inayoonyeshwa katika filamu.

Serikali iliuongeza udongo huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha kuzichukua shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, na siasa ya umoja wa taifa ikawapeleka wanafunzi wa sekondari mbali na mikoa yao. Msichana wa Sumbawanga aliweza kujikuta bwenini na wenzake wasiojua hata neno moja la Kifipa. Kiswahili kikawaunganisha, nacho kikazaa msamiati wa cheo: dada mkuu, viranja, na njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza ambaye hutumwa na kuchekwa mpaka wageni wengine wafike. Njuka ni neno lenye kufundisha mengi, kwa maana cheo chake ni cha mwaka mmoja tu. Mwaka unaofuata aliyechekwa huwa mchekaji.

Tangu mwaka 2004, shule za kata zilipoanza kuenezwa, sura nyingine imetokea. Wasichana wengi wa vijijini husoma shule za kutwa zilizo mbali na kwao, na baadhi yao hupanga chumba pamoja karibu na shule. Ukitazama kwa juu, nyumba ya vijana imerudi. Ukitazama vizuri, kilichorudi ni kuta tu. Katika nyumba ya zamani wazee walikuwa jirani. Bwenini alikuwako sista au matroni. Katika chumba cha kupanga mara nyingi hakuna mtu mzima. Hapo wenzi wa chumba ndio jamaa, na msichana aliyekataliwa nao hana mahali pengine pa kwenda jioni. Hayo si mambo ya kuchekesha.

Basi dai la filamu haliwezi kukubaliwa lilivyo. Mean Girls yenyewe ilitokana na kitabu cha Rosalind Wiseman cha mwaka 2002, kilichoandikwa kuwasaidia wazazi wa Marekani, si kueleza maumbile ya wanadamu. Na Clueless ya mwaka 1995 iliichukua Emma, riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1815, ikaihamishia shuleni bila taabu, kwa kuwa nayo ilihusu watu wachache waliofungiwa mahali padogo. Historia ya Ufipa yaelekea upande huo huo. Wasichana wa rika moja wamelala pamoja huko kwa vizazi vingi. Lililobadilika ni nani aliyekuwa karibu nao na mlango ulielekea wapi. Wataalamu wa lugha wana kazi hapa: kuyakusanya maneno ambayo wasichana wa mabweni na wa vyumba vya kupanga huitana kwayo na hutengana kwayo, kabla hayajasahauliwa na waliokwisha kuwa watu wazima.