Mji wa Mawe na Vipande vya Vioo: Funzo la Roxaboxen kwa Historia ya Kamina

Historia ya mji wa Kamina husimuliwa zaidi kwa kuitaja reli na jeshi. Twajua kwamba reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, iliyopita hapo ilikamilika mwaka 1928. Kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji walijenga hapo kituo kikubwa cha kijeshi, ambako mnamo Novemba 1964 askari wao wa miavuli walipitia wakielekea Stanleyville. Na kwamba mwaka 2015 mji huo ulikuwa makao makuu ya jimbo jipya la Haut-Lomami. Lakini watoto waliokulia kando ya reli hiyo walicheza wapi, na michezo yao iliujengaje mji katika fikira zao? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la kihistoria. Ili kulithibitisha, tutaazima mfano wa mbali, kutoka mji wa Yuma, jangwani Arizona, nchini Marekani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika pembe ya barabara za Second Avenue na Eighth Street mjini Yuma, palikuwa na kilima cha mchanga na mawe kisichokuwa na thamani machoni pa watu wazima. Watoto wa jirani walikifanya mji, wakauita Roxaboxen. Walipanga mawe meupe kuonyesha njia, wakagawana viwanja, wakajenga nyumba kwa makasha na vipande vya vioo vya rangi. Vijiwe vyeusi vya mviringo vilikuwa fedha. Palikuwa na meya, duka la mikate na jela. Aliyeshika kitu cha mviringo kama usukani alihesabiwa kuwa ana gari. Palikuwa hata na makaburi, ambamo alizikwa mjusi.

Mambo haya yangepotea kama yalivyopotea mengi ya aina yake. Hayakupotea kwa sababu Marian, msichana aliyekuwa meya, aliyaandika angali mtoto. Miaka mingi baadaye binti yake, mwandishi Alice McLerran, aliutumia mswada huo pamoja na kumbukumbu za jamaa na barua za wakazi wa zamani wa mji huo wa kubuni. Kitabu chake cha watoto, kilichochorwa na Barbara Cooney, kilichapishwa mwaka 1991. Kitabu ndicho kilichokiokoa kilima: kimehifadhiwa kuwa bustani ndogo ya umma, nacho kimeachwa katika hali yake ya jangwa. Jambo hili la mwisho lina uzito. Kupajaza mahali hapo vyombo vya michezo kungekuwa kufuta ushahidi wenyewe, kwani kilichowafanya watoto wajenge mji ni kule kutokuwapo kwa chochote.

Hata hivyo, tusiutukuze mfano huu kupita kiasi. Kilima kimoja kimekumbukwa kwa kuwa mtoto mmoja alijua kuandika, karatasi zake zikatunzwa, na binti yake akawa mwandishi. Watu wa Quechan, waliokaa kando ya mto Colorado kabla ya mji wa Yuma kuwapo, nao walikuwa na watoto na michezo, lakini si hiyo iliyopewa bustani. Kumbukumbu, basi, hufuata kalamu.

Katika Katanga yenyewe tunao mfano wa kalamu iliyoshikwa na wasiotarajiwa. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitunga kwa Kiswahili cha huko historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Maandishi hayo, yaliyohaririwa na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, yanaonyesha kwamba mji unaoonekana kutoka jikoni si ule unaoonekana kutoka ofisini. Vivyo hivyo, mji unaoonekana kutoka kimo cha mtoto ni mji wa tatu.

Je, nani ameuandika mji huo wa tatu wa Kamina? Waliokuwa watoto wakati njia ya reli ya Kamina hadi Kabalo ilipofunguliwa, mwaka 1956, leo ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Mwanafunzi wa historia au wa Kiswahili anaweza kuwauliza: mlicheza wapi, kopo lilikuwa sufuria ya nani, fedha yenu ilikuwa nini, nani alikuwa mkubwa wenu, na nani hakuruhusiwa kuingia? Majibu yaandikwe kwa maneno yao wenyewe, bila kuyasahihisha yafanane na Kiswahili sanifu, kwa maana neno la mchezo ni sehemu ya ushahidi. Huenda hakuna bustani itakayopatikana kutokana na kazi hiyo. Lakini hata Yuma, bustani ilikuja mwisho. Daftari la mtoto ndilo lililotangulia.