Mshamba, Mhuni na "Muhogo Mchungu"

Mwaka 1952 ilitengenezwa hapa nchini filamu ya kuchekesha iliyoitwa Muhogo Mchungu. Ilikuwa miongoni mwa filamu chache za hadithi zilizopigwa kwa lugha ya Kiswahili chini ya mpango wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Kisa chake hakina mafumbo: mtu wa shamba anakwenda Dar es Salaam, na huko anaangukia mikononi mwa matapeli. Aliyecheza nafasi ya mshamba huyo alikuwa kijana mtumishi wa serikali katika kazi za maendeleo ya jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Kisa cha namna hiyo hakikuanza mwaka huo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na mwizi anazifukua, ilhali mwenzake aliyeziweka posta anasalimika. Huko Afrika Kusini, mwaka 1949, ilitoka African Jim, ambamo kijana wa kijijini anafika Johannesburg na kuporwa na majambazi mara tu aingiapo mjini. Yaonekana watengenezaji wa filamu wa zama zile hawakuweza kumfikiria Mwafrika akiwa mjini bila ya kumwekea mwizi kando yake.

Hatuna budi kukiri kwamba vichekesho vya majambazi hupendwa na watu wa mataifa yote, na siri yake kubwa ni kudhaniana. Charles Chaplin, katika filamu yake ya 1923 iitwayo The Pilgrim, ni mfungwa mtoro aliyevaa nguo za kasisi. Watu wa mji mdogo wanampokea kwa heshima wakidhani ndiye mchungaji wao mpya, na hapo anatokea mfungwa mwenzake wa zamani anayemtambua. Sisi nasi tuna methali yetu ya zamani, pwagu hupata pwaguzi, na Radio Tanzania iliwafanya Pwagu na Pwaguzi kuwa wahusika wa mchezo uliowachekesha wasikilizaji kwa miaka mingi. Lakini yafaa tutazame tofauti moja. Katika kisa cha Chaplin mji mzima unakosea. Katika visa vya mshamba na matapeli anayekosea ni mmoja tu, naye ni mtu wa kijijini.

Sasa tumweke mbele ya kisa hicho mtazamaji wa Kisarawe au wa Kibaha. Kisarawe iko yapata kilomita 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, kwenye vilima vya upande wa Pugu. Kibaha iko yapata kilomita 40, katika barabara ya Morogoro. Mtu wa huko aliweza kupalilia shamba lake juma hili na juma lijalo akawa mjini akiuza mkaa, nazi au muhogo. Isitoshe, mji wenyewe ulijengwa katika nchi ya babu zake. Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, alikuta kijiji cha Mzizima. Na masimulizi ya Pwani yanaeleza kwamba Washomvi wa hapo walikuwa wakiwapa Wazaramo kanda la Pazi, yaani ada ya chumvi na samaki, kwa kuwa Pazi Kilama aliwasaidia kuwashinda Wakamba. Kumwita mjukuu wa Pazi mgeni wa mjini ni kichekesho cha peke yake.

Hata hivyo ndivyo sheria ilivyomwita. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa. Mwafrika asiyeweza kuthibitisha kuwa ana kazi ya kudumu aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao, na neno la kila siku lililomhusu lilikuwa mhuni. Basi serikali ile ile iliyogharimia filamu ya kumwonya mshamba juu ya matapeli, huku nje ilimdhania mshamba huyo kuwa ndiye tapeli. Wala tusiseme kwamba shida hiyo ilikwisha siku ya Uhuru. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvukazi, na watu wasio na vitambulisho vya kazi wakakamatwa Dar es Salaam ili wapelekwe mashambani. Polisi hawana njia rahisi ya kumtambua mzururaji kwa macho. Anayeuza machungwa barabarani na anayemvizia muuza machungwa huenda wamevaa shati la namna moja.

Jina la filamu lenyewe lilikuwa na maana nzito kwa watu wa wilaya hizi kuliko pengine watengenezaji walivyofahamu. Muhogo ni chakula cha kila siku cha Uzaramo. Mtu asiyeuzoea shamba hawezi kuaminiwa kutenganisha mchungu na mtamu kwa kutazama majani au ganda. Mwenye shamba ndiye ajuaye alichopanda. Mchungu nao hautupwi, kwani humenywa, ukalowekwa, ukaanikwa hata ukawa makopa, ukapondwa na kusongwa ugali. Sumu yake ni hatari kwa mwenye haraka. Elimu hiyo, ambayo aghalabu wenye kuishika ni akina mama, ni elimu ya kutodanganywa na sura ya kitu. Nayo ndiyo filamu zile zilizodai kwamba mshamba hana.

Kawawa mwenyewe hakudumu katika sinema. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu baada ya Mwalimu Nyerere kujiuzulu. Katikati ya miaka ya 1970 Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa mwaka 1968, lilitoa filamu yake Fimbo ya Mnyonge, ambamo Yombayomba anaacha kijiji, anaonja dhiki ya mjini, kisha anaufuata ujamaa. Hadithi ya mshamba mjini ilikuwa imerudi, safari hii kwa amri ya wenye nchi. Ilipotoka, mshamba wa mwaka 1952 alikuwa Waziri Mkuu kwa mara nyingine.