Nambari Bainifu, Si Kitambulisho cha Kipekee

Waliotuletea "kitambulisho cha kipekee cha mgonjwa" wametubandika makosa mawili kwa mpigo. Mwambie mama wa Petta, wilayani Tororo, aliyevuka Malaba kutafuta matibabu upande wa Kenya, atoe kitambulisho cha kipekee: atafungua mkoba akupe kadi ya taifa. Ndiyo maana ya neno hilo sokoni, mpakani na kwa chifu. Na "kipekee" ni neno la sifa: sauti ya kipekee, ladha ya kipekee. Nambari ya kliniki haihitaji sifa. Inatakiwa tu isimilikiwe na watu wawili.

Mimi nasimamia nambari bainifu. "Baini" ni la Kiarabu, la mzizi wenye maana ya kutengana na kudhihirika. Humohumo ndimo ilimotoka "baina" yetu. Tukapata bainika, bainisha, ubainifu, na wanaisimu wamezoea kitambo "sifa bainifu", zile zinazotenga sauti ya p na ya b. Kutambulisha ni kazi nyingine kabisa: ni kumjulisha mtu kwa wengine, jina lake na kwao.

Tofauti hiyo ndiyo faragha yenyewe. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na zote zimezipa habari za afya ulinzi wa ziada. Nambari ya taifa ya Uganda, yenye herufi na tarakimu 14, huanza na CM kwa raia mwanamume au CF kwa mwanamke, kisha mwaka wa kuzaliwa. Hiyo inatambulisha. Nambari ya kliniki za VVU nchini Kenya ina tarakimu 10: tano za kituo, tano za mgonjwa. Kituo kinajulikana, lakini jinsia haimo, umri haumo. Hiyo inabainisha.

Kamati moja iliyopokea pendekezo langu ilijibu kwamba "bainifu" ni zito kwa mwananchi. Zito vipi, ilhali "bainisha" analisikia katika taarifa ya habari kila jioni? Mwenzangu mwingine anapigia debe "nambatambuzi", ambalo limebeba tambua ileile.

Matumizi: nambari bainifu ya mgonjwa, wingi nambari bainifu za wagonjwa.

Nanyi mnaochapa fomu za Busia na Tororo, liacheni neno "kitambulisho" kwenye kisanduku cha kadi ya taifa, na kisanduku cha kliniki mkiandike nambari bainifu.