Ngoma ya Wagogo katika Filamu ya Pasolini

Wagogo, ambao makao yao yaanzia Dodoma hata Manyoni katika mkoa wa Singida, wamo katika filamu ya mwaka wa 1970 ya mshairi wa Kiitalia Pier Paolo Pasolini (1922–1975), Appunti per un'Orestiade africana. Jina hilo lasema kweli: ni kumbukumbu tu za mchezo ambao hakupata kuutengeneza. Zaonekana nyuso, masoko na njia za Uganda na Tanzania, naye mwenyewe azieleza.

Asili yake ni michezo ya Aeschylus iliyochezwa Athens mwaka wa 458 kabla ya Kristo. Humo Orestes, aliyemwua mamaye, aandamwa na mizimu ya kisasi. Kisha baraza la watu lamwachilia, na mizimu yageuzwa kuwa walinzi wema wa mji. Pasolini aliiona Afrika iliyopata uhuru katika mgeuko huo: ya kale hayaangamizwi, bali yapewa nafasi ndani ya mapya. Ushahidi wake mmoja ni ngoma ya Wagogo, kwamba iliyokuwa ibada sasa ni furaha tu.

Hapo hoja yake yalegea. Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, imefungamana na unyago, wala furaha yake haitengani na mafunzo yake. Wanafunzi wa Kiafrika aliowaonyesha picha hizo Roma nao walimpinga, wakisema Afrika si moja. Pasolini hakuyafuta maneno yao. Aliyatia ndani ya filamu. Waliokosekana humo ni Wagogo wenyewe, na atakaye kuipima hoja hiyo hana budi kuanza na maneno wayaimbayo kwa Kigogo.